Vumbi la Januari: Namna ya kulikabili majumbani Kericho na Bomet

MGENI anayefika Kericho kwa mara ya kwanza huona mashamba ya chai yaliyotandazwa juu ya vilima kama zulia la kijani lisilo na mshono, akadhani kuwa vumbi ni balaa la watu wa Lodwar na Wajir, si la wenyeji wa hapa. Dhana hiyo ina msingi wake. Mji wa Kericho, ulioko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ni nadra mwezi kumalizika bila ya mvua kunyesha.

Lakini muulize mama mwenye nyumba kando ya barabara ya changarawe mnamo mwisho wa Januari. Atakuonyesha kitambaa cheupe cha kochi alichokifua Jumamosi, ambacho kufikia Jumatano kimegeuka rangi ya matofali. Atakuonyesha dirisha ambalo hajalifungua tangu Krismasi. Na huenda akakuonyesha mtoto anayekohoa usiku kucha, ambaye kifua chake hutulia tu mvua za masika zinapoanza.

Vumbi la nchi ya chai halina umaarufu wa vumbi la jangwani. Halitangazwi na watabiri wa hali ya hewa wala halisimamishi safari za ndege. Huja kidogo kidogo, gari baada ya gari, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Na kibaba hiki hujazwa katika mapafu ya watoto. Makala haya yanaeleza vumbi la majumbani ni kitu gani, hutoka wapi, hudhuru vipi, na familia yenye kipato cha kawaida inaweza kufanya nini kulipunguza.

Vumbi ni nini hasa?

Vumbi ni mkusanyiko wa chembechembe ndogo za vitu vigumu zinazoweza kuinuliwa na hewa. Ndani ya nyumba, chembechembe hizo huwa ni udongo ulioingia kutoka nje, nyuzi za nguo na mablanketi, ngozi ya binadamu iliyopukutika, nywele za paka na mbwa, masizi ya jikoni, chavua za maua, ukungu, na vipande vya wadudu waliokufa.

Rangi nyekundu inayotambulisha vumbi la Kericho na Bomet hutokana na chuma. Udongo wa nyanda hizi ulifanyika kutokana na miamba ya volkeno iliyolainishwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na chuma kilichobakia ndani yake kikapata kutu. Udongo huo wenye asidi ndio uupendao mchai. Ukilowa, hushika mizizi na unyevu. Ukikauka na kusagwa na magurudumu, huwa unga mwembamba kama poda.

Wataalamu hupima vumbi kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni 50 hadi 70 hivi. Chembe kubwa kuliko mikroni 10 hunaswa puani na kooni, nazo hutoka kwa kupenga au kupiga chafya. Zilizo ndogo kuliko hapo hupenya hadi kifuani. Zile zisizozidi mikroni 2.5 hufika katika vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizi ndogo hewani usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo kwa mwaka, na usizidi 15 kwa siku moja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba vumbi tunaloliona juu ya meza si lile la hatari zaidi. La hatari ni lile ambalo bado linaelea.

Latoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni barabara. Lami inapita katika njia kuu, kama ile ya kutoka Kericho kwenda Litein, Kapkatet na Sotik, au ile ya Kaplong kwenda Bomet na Narok. Lakini majani chai hayachumwi kando ya lami pekee. Malori na matrekta yanayoyachukua majani kutoka vituo vya ununuzi hupita katika barabara za changarawe kila siku ya mavuno, yakifuatwa na bodaboda na mabasi ya shule. Kila gurudumu husaga changarawe ikawa laini zaidi. Katika sehemu za chini za Bomet, pande za Chepalungu na Sigor, ambako mvua ni kidogo kuliko nyanda za chai, kipindi cha vumbi huwa kirefu zaidi.

Chanzo cha pili ni uwanja wa nyumba yenyewe. Desturi ya kufagia ua mpaka udongo ung'ae inasifiwa kuwa ni usafi, lakini udongo ulio mtupu ndio unaopeperushwa na upepo na kubebwa na miguu hadi sebuleni.

Cha tatu ni jiko. Moshi wa kuni umejaa chembechembe ndogo kuliko za udongo, na masizi yake hujipaka juu ya kuta, vyombo na mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na mapishi ya kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Kwa hiyo familia inayofuta meza mara tatu kwa siku, huku mtoto mchanga amebebwa mgongoni kando ya mafiga yanayofuka moshi, inapigana na adui mdogo na kumwacha mkubwa.

Cha nne ni kazi. Katika kiwanda cha chai, majani hunyauswa, hukatwakatwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha huchekechwa ili kutenganishwa kwa madaraja. Hatua hii ya mwisho hutoa vumbi jepesi la nyuzi za majani, ambalo hujishikiza katika nywele na nguo za mfanyakazi na kufuatana naye hadi nyumbani. Ni kinaya cha biashara hii kwamba vumbi lina soko lake: miongoni mwa madaraja ya chai nyeusi ya Kenya yanayouzwa katika mnada wa Mombasa yamo PD na D1, ambamo herufi D husimamia neno vumbi. Hilo la gunia ni mali. Linalovutwa puani ni maradhi.

Madhara yake

Ugonjwa unaochochewa zaidi na vumbi ni pumu. Mwenye pumu ana njia za hewa zilizo nyepesi kukasirika. Akivuta vumbi, hubana na kutoa makamasi mazito, naye akaanza kukohoa na kutoa sauti ya filimbi kifuani. Wazazi wengi huiita hali hiyo homa ya baridi, wakamfunika mtoto blanketi zito ambalo nalo limejaa vumbi. Dawa za kikohozi zinazouzwa dukani hazitibu pumu.

Kuna pia viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, jamaa za kupe na utitiri, ambao huishi ndani ya magodoro, mito na mazulia na kula ngozi yetu iliyopukutika. Viumbe hawa hustawi penye unyevu. Hapo ndipo nchi ya chai inapopata hasara maradufu: miezi ya mvua huwanenepesha viumbe hao, na miezi ya kiangazi huongeza udongo juu yao. Kinyesi chao ni miongoni mwa vichochezi vikuu vya mzio na pumu duniani.

Macho huwasha na kuwa mekundu, hasa mtoto anapoyasugua kwa mikono michafu. Miguuni, sakafu ya udongo mkavu huwa makao ya funza. Jike la funza huingia katika ngozi ya mguu, hujaa mayai, na mayai hayo hudondoka na kuanguliwa katika vumbi lile lile. Mtu anayetolewa funza kisha akarudi kulala juu ya sakafu hiyo hajatibiwa.

Tufafanue hapa jambo moja linalochanganya wengi. Vumbi la barabarani halisababishi kifua kikuu; ugonjwa huo huletwa na bakteria kutoka kwa mtu mwenye maradhi hayo. Hata hivyo, si busara kukihesabu kila kikohozi kuwa cha vumbi. Kikohozi kinachozidi majuma mawili, jasho la usiku na kupungua uzani ni dalili za kumpeleka mtu akapimwe makohozi.

Funzo kutoka mijini mwa jangwa

Watu walioishi na vumbi kwa karne nyingi wana la kutufunza. Mjini Khartoum, dhoruba ya vumbi hupanda kama ukuta wa kahawia na kuufunika mji mchana kweupe. Katika miji ya Ghuba kama Kuwait, Doha na Riyadh, upepo wa shamali, yaani wa kaskazini, hujaza hewa kwa vumbi la jangwa kwa siku kadhaa mfululizo. Wapo Wakenya wengi waliofanya kazi za nyumbani katika miji hiyo, na aliyerudi kutoka huko hahitaji kuelezwa maana ya kufuta dirisha asubuhi na kulifuta tena jioni.

Desturi za huko ni tatu kwa ufupi. Kwanza, vumbi huzuiwa mlangoni kabla halijaingia: viatu huvuliwa nje, na nyufa za milango na madirisha huzibwa kwa mpira au kwa kitambaa chenye maji. Pili, madirisha hufunguliwa kwa saa maalumu, si siku nzima. Tatu, vumbi huondolewa kwa unyevu badala ya kutimuliwa kwa ufagio mkavu. Hapa kwetu Pwani pia, wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu waliweka daka, yaani kibaraza cha kuingilia kilicho kati ya njia na mlango, ili anayetoka nje asiingie chumbani moja kwa moja.

Tofauti yetu na wao ni kwamba vumbi letu lina ratiba. Asubuhi na mapema umande huwa umelituliza. Huo ndio wakati wa kufungua madirisha yote, ili moshi na unyevu wa usiku utoke. Magari yanapoanza kupita kwa wingi, funga madirisha yanayoelekea barabarani na uache wazi yale ya upande wa pili. Kuyafunga yote mwezi mzima, kama wafanyavyo wengi, ni kuufungia ndani moshi, ukungu na vijidudu vya magonjwa.

Kufagia na kufuta

Kosa lililoenea zaidi ni kufagia sakafu ikiwa kavu. Ufagio huondoa mchanga na kuirusha hewani ile sehemu laini yenye madhara. Katika chumba chenye hewa tulivu, chembe ya mikroni 10 iliyo kimo cha mtu huchukua dakika chache kutua sakafuni. Ile ya mikroni moja huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo anayefuta meza kwanza kisha akafagia, ameifuta meza bure.

Utaratibu ufaao ni huu. Watoe watoto na mgonjwa wa pumu nje, ufungue dirisha lililo mbali na barabara. Anza juu: dari, boriti, vizingiti vya madirisha, ukitumia kitambaa chenye unyevu kilichofungwa kwenye ufito. Nyunyizia sakafu maji kidogo kwa vidole, au tawanya majani chai yaliyokwisha kutumika na kukamuliwa, yaliyo na unyevu bado. Hayo hushika vumbi kama gundi, na katika nyumba za Kericho hayakosekani. Juu ya saruji nyeupe au zulia usiyatumie, kwani huacha madoa. Fagia polepole kuelekea mlangoni. Ngoja nusu saa. Kisha futa meza, rafu na viti kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukikisuuza mara kwa mara katika maji safi. Malizia kwa kupiga deki sakafu ya saruji.

Manyoya ya kutimulia vumbi na kitambaa kikavu huhamisha vumbi tu kutoka rafuni hadi hewani. Anayefanya kazi hii afunike pua na mdomo. Leso iliyokunjwa huzuia chembe kubwa. Barakoa ya kitabibu iliyobana vizuri ni bora zaidi.

Sebule na chumba cha kulala

Sebule ya Kikenya ina fahari yake: makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, mapazia mawili mawili, zulia la manyoya na maua ya plastiki. Vyote hivyo ni maghala ya vumbi. Hatusemi vitupwe, kwani kitambaa cha kufumwa ni kazi ya mikono ya mama na ni heshima ya mgeni. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa wa pumu, ni busara kuvikunja na kuviweka sandukuni kuanzia Desemba hadi mvua zinaporudi. Zulia nalo litolewe nje, lipigwe na kuanikwa upande ambao upepo hauelekei nyumbani.

Nyumba nyingi za mabati hazina dari, na kati ya ukuta na paa huwa na mwanya. Vumbi la barabarani huingia hapo hata milango ikiwa imefungwa. Kuweka dari ya mbao, jasi au hata turubai safi iliyovutwa vizuri kutapunguza vumbi na kelele za mvua. Ukiziba mwanya huo, hakikisha kila chumba kina dirisha linalofunguka. Nyumba kuukuu iliyoezekwa kwa asbesto ina hatari yake: paa hilo lisiparuzwe, lisikatwe wala lisisuguliwe kwa burashi, kwa kuwa vumbi lake husababisha saratani.

Chumba cha kulala ndicho chumba cha kwanza kushughulikiwa, kwa sababu mtoto hukaa humo theluthi moja ya siku au zaidi, pua yake ikiwa juu ya mto. Shuka na foronya zifuliwe kila juma. Maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi huwaua wale viumbe wa godoro; pasipo na mashine, sufuria ya maji ya moto yatosha. Mablanketi na magodoro yaanikwe juani, yageuzwe na kupigwa. Jua kali la Januari, lile lile linaloleta vumbi, ni dawa ya bure ya kukausha magodoro. Godoro likifunikwa kwa mfuko wa plastiki nzito au kitambaa kilichofumwa kwa kubana, mzio hupungua. Nguo za kuvaa zisirundikwe kitandani wala kuning'inizwa kwenye misumari juu yake.

Jikoni

Jiko la kuni liwe na chumba chake nje ya nyumba ya kulala, lenye dirisha na tundu la kutolea moshi. Kuni ziwe kavu, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto mdogo. Familia nyingi hukusanya matawi yaliyopogolewa katika mashamba ya chai ili yawe kuni. Yakitumiwa, yaanikwe kwanza. Lakini wataalamu wa chai hushauri yaachwe shambani, kwa sababu hufunika udongo, huhifadhi unyevu na kurudisha rutuba. Udongo uliofunikwa hautoi vumbi.

Majiko yanayookoa kuni hupunguza moshi, na gesi huupunguza zaidi. Mwenye uwezo wa mtungi mmoja wa gesi kwa miezi miwili auelekeze kwanza katika mapishi yanayofanyika ndani wakati mtoto mchanga yupo. Taa ya koroboi nayo itengwe na vyumba vya kulala. Balbu ndogo ya sola haina masizi.

Vyakula na maji yafunikwe. Vibuyu vya mursik, ambavyo husafishwa na kupakwa mkaa wa senetwet kwa uangalifu mkubwa, visiachwe vinywa wazi kwenye ua wakati wa kuvianika. Mkaa wa desturi ni wa kukusudiwa. Vumbi la lori si kiungo cha maziwa.

Nyumba za udongo

Nyumba ya udongo si lazima iwe ya vumbi. Mama na nyanya zetu walijua kuisiriba sakafu kwa udongo laini na samadi ya ng'ombe, wakairudia mara tu nyufa zilipoonekana. Siri ilikuwa katika kurudia. Sakafu iliyosiribwa hubanduka kadiri inavyokanyagwa, na huhitaji kutengenezwa tena. Udongo wa kichuguu hushikana vizuri zaidi kuliko wa shambani. Inyunyizie maji asubuhi na jioni, bila ya kuifanya tope. Familia inayoweka akiba kutoka bonasi ya majani chai ifikirie sakafu ya saruji kabla ya kununua makochi mapya: saruji huondoa vumbi, huwanyima funza makao, na hupigwa deki kwa dakika kumi.

Sare za shule na madoa mekundu

Shati jeupe la shule na udongo mwekundu ni mahasimu wa jadi. Doa la udongo lisisuguliwe likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute na kulipiga burashi, kisha loweka nguo katika maji baridi yenye sabuni kabla ya kufua. Maji ya klorini yanayotumiwa kung'arisha nguo hayafai kwa doa hili, maana rangi yake ni ya kutu, na klorini huweza kulikaza. Maji ya limau na chumvi, yakiachwa juu ya doa na nguo ikaanikwa juani, husaidia. Nguo zianikwe upande wa nyumba usioelekea barabarani, na zianuliwe kabla malori ya jioni hayajaanza kupita.

Anayefanya kazi katika chumba cha kuchekechea chai avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na zifuliwe peke yake. Maradhi ya kifua miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya chai yamejulikana kwa madaktari kwa muda mrefu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Kuomba barakoa si utovu wa nidhamu.

Maji ya paa

Hapa pana hatari isiyotajwa sana. Katika miezi ya kiangazi, paa hukusanya udongo, masizi, kinyesi cha ndege na majani makavu. Mvua ya kwanza ya Machi huosha vyote hivyo hadi ndani ya tangi, nayo familia ikashangaa kwa nini watoto wanaumwa tumbo mara tu maji yalipopatikana.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 60 za mraba hutoa lita 60 za maji. Basi angalau mitungi mitatu ya lita 20 ya mwanzo isiingie tangini, na zaidi ya hapo ikiwa paa ni chafu sana. Ondoa bomba la tangi kwenye mfereji wa paa, uyaache maji ya mwanzo yamwagikie bustanini, kisha ulirudishe. Fagia mifereji na safisha tangi mwezi wa Februari, likiwa karibu tupu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Paneli za sola nazo hupoteza nguvu zikifunikwa na vumbi. Zifutwe asubuhi zikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo chenye joto la adhuhuri yanaweza kukipasua.

Nje ya nyumba

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi ya ndani haitakuwa na mwisho ikiwa ua umeachwa wazi. Panda nyasi katika sehemu zisizopitwa, weka kokoto au matofali katika njia ya kuelekea mlangoni, na tandika gunia lenye unyevu kizingitini. Ua wa michongoma au misaipresi iliyopandwa kwa kubanana kati ya nyumba na barabara hukamata sehemu kubwa ya vumbi, nao huoshwa na mvua bila ya malipo.

Vumbi la barabarani huongezeka kadiri mwendo wa gari unavyoongezeka. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 30 kwa saa hupunguza vumbi analoliinua kwa karibu nusu. Makubaliano ya kijiji na wenye bodaboda, na matuta yaliyowekwa kwa idhini mbele ya shule na zahanati, hugharimu kidogo kuliko lami. Kunyunyizia barabara maji husaidia kwa saa chache tu. Kumwaga mafuta machakavu ya injini, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kosa kubwa: mvua ikinyesha, sumu yake huteremka hadi mitoni na visimani.

Mwananchi ana haki zake pia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za ubora wa hewa za 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, zinadhibiti uchafuzi wa hewa ukiwemo wa vumbi. Mwanakandarasi anayejenga barabara na kuacha vumbi litande vijijini bila ya kumwaga maji anaweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA. Na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, barabara nyingi za mashinani ni jukumu lao. Vikao vya umma kuhusu bajeti ndipo mahali pa kuuliza, kabla ya kiangazi kufika.

Wakati wa kumwona daktari

Mtoto anayekohoa kila usiku, anayetoa sauti ya filimbi kifuani, au ambaye kikohozi humrudia kila kiangazi, apelekwe hospitalini akachunguzwe pumu. Huduma zapatikana katika hospitali za Kericho, Kapkatet, Litein, Longisa na Tenwek. Dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo hazimfanyi mtoto awe mtumwa wake, kama wengi wanavyoogopa. Zilizo nyingi hufanya kazi kifuani moja kwa moja, kwa kipimo kidogo kuliko vidonge.

Mkimbize mgonjwa mara moja ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kumaliza sentensi, au midomo yake inageuka rangi ya samawati. Hapo si wakati wa kufukiza majani wala kusubiri lori la asubuhi.

Hakuna nyumba isiyo na vumbi, iwe Riyadh au Roret. Lengo si kulimaliza bali kulipunguza mpaka kifua cha mtoto kiweze kulihimili. Gunia lenye maji mlangoni, viatu vilivyoachwa nje, kitambaa chenye unyevu badala ya ufagio mkavu, dirisha lililofunguliwa alfajiri na jiko lenye tundu la moshi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mkopo. Mvua za Machi zitakuja kama zilivyo ada yake. Lakini mtoto anayekohoa Januari hawezi kuambiwa asubiri Machi ndipo apumue.